Kofia ya viua safarini: Kibokoni, Muscat, na kurudi

Mfungo Nane, Kibokoni, Mombasa

Nikaha ya kakangu mdogo imewekwa Shaabani. Kilemba hakukitaka, amechagua kanzu, joho na kofia, na kofia hiyo nimesema itatoka mkononi mwangu. Itakuwa ya viua, nyeupe juu ya nyeupe, kila tundu limezungushiwa uzi kwa sindano. Baina ya leo na Shaabani ipo safari ya Muscat kwa khalati, iliyoahidiwa tangu mwaka juzi na haiahirishiki tena. Kofia kamili ya viua ni kazi ya miezi, haiwezi kunisubiri nyumbani. Itasafiri nami. Nimeamua kuiandikia shajara tangu kitambaa hadi dondo, yaani wanga wa kuikazia, kwa sababu wengi wetu tunaoshona tukifunga safari huiacha kazi kabatini, na tukirudi mkono umeshapoa.

Kitambaa nimekipata Biashara Street, duka linalouza bafta na vitambaa vya makanzu. Nilitaka pamba tupu, isiyochanganywa na nailoni hata kidogo, maana nailoni huteleza chini ya sindano na tundu halikai wazi. Muuzaji alinielewa mara moja. Alichomoa uzi mmoja ukingoni akauchoma kwa kiberiti mbele yangu: ukatoa harufu ya karatasi iliyoungua, ukaacha jivu laini linalopeperuka. Ungekuwa na nailoni ungeyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Nyumbani nimekifua na kukianika kabla ya kukigusa kwa mkasi, kwani pamba mpya hurudi, na kofia ikirudi baada ya kushonwa haina dawa.

Kichwa cha kakangu ni sentimita 57. Ukanda wa ubavuni nimeukata kwa urefu huo na kimo cha sentimita 8, mbali na nafasi ya mshono. Duara la juu kipenyo chake ni sentimita 18 na kidogo, yaani 57 ukiigawa kwa 3.14. Kila kipande kina tabaka mbili. Hesabu naiandika kwa ukamilifu kwa kuwa watu hukata duara kwa kufuatisha kofia ya zamani, na kofia ya zamani imeshatanuka kwa kuvaliwa.

Mchoro nimeutoa kwenye mlango wa nyumba moja Ndia Kuu, mlango ambao nimeupita tangu nikienda chuoni na juzuu mkononi. Fremu yake imezungukwa na mnyororo, na juu ya kizingiti lipo waridi lenye petali nane. Waridi litakaa katikati ya duara la juu na kurudiwa ubavuni. Mnyororo utazunguka ukingo wa chini. Nimechora kwa penseli ngumu, mkono mwepesi. Kalamu ya wino siitumii kabisa kwenye kazi nyeupe, kwa sababu maji yakiigusa wino huenea.

Mfungo Nane, mwisho wa mwezi

Rafiki yangu wa Kisauni hufuma kwa sindano mbili, masweta ya watoto ambayo wateja wake huyapeleka bara kwenye baridi. Akisafiri, madonge ya sufu hujaza begi kabla ya nguo. Tumelizungumza sana jambo hili na bado nashikilia langu: kazi ya safari iwe ndogo kiasi cha kukaa mapajani bila kumgusa jirani wa kiti, iwe na hatua inayojirudia ambayo mkono unaijua bila kutazama mchoro, na ikubali kuachwa ghafla gari likisimama. Sweta likifika kifuani halikubali hata moja kati ya hayo. Kofia, kabla haijaunganishwa, ni vipande viwili bapa vinavyoingia ndani ya bahasha.

Nimeongeza kulabu ya mwanzi na uzi wa pamba wa kroshia, nimfumie khalati kitambaa cha meza pale macho yatakapochoka na weupe.

Vifaa vyenyewe: sindano nyembamba ndani ya kichupa cha dawa kilichooshwa na kukaushwa, kastabini, kipande cha nta, uzi wa kudarizi wa DMC. Uzi huu huuzwa kwa vishada vya mita 8, kila kishada nyuzi sita zilizolala pamoja, na mimi hutenga mbili tu kwa viua. Kila rangi ina namba, na namba hiyo ni ileile Mombasa, Ufaransa unakotengenezwa, na kwingine kote. Nyeupe yangu ni B5200, nyeupe kali isiyo na umanjano. Namba nimeiandika kwenye karatasi na kuishona ndani ya mfuko wa kazi.

Mkasi nao una mambo yake. Viwanja vya ndege vya Marekani huruhusu mkononi mkasi ambao makali yake hayafiki inchi 4 kutoka kwenye kiungo. Ulaya kikomo ni sentimita 6. Sindano za kushonea na za kufumia haziwasumbui. Hata hivyo neno la mwisho ni la afisa aliyesimama mbele yako, na mkasi mzuri ni mali, sipendi kuuweka rehani. Nimeutia kwenye begi la kupakiwa pamoja na shazia ya kufungulia matundu, na mkononi nimebaki na kikata kucha. Hukata uzi safi kabisa.

Kwa kuwa shazia haitakuwa nami angani, nimeigawa kazi mapema. Tundu lililofunguliwa na kuachwa bila kuzungushiwa hufumuka nyuzi, kwa hivyo siyafungui mapema kwa wingi. Njiani nitashona duru za bandi, mishono mifupi ya kupenya juu na chini, kuzunguka kila alama ya tundu. Kufungua na kuzungushia nitafanya nikishatulia.

Mfungo Tisa, ndani ya treni

Tiketi ya ndege ilikuwa nafuu kutokea Nairobi, basi nimepanda treni Miritini. Mabegi yalipangwa chini kwa mstari, mbwa wa ukaguzi wakayapitia, kisha mashine, kisha tukaingia. Nimepata kiti cha dirishani upande usiopigwa na jua.

Jambo moja limenisaidia kuliko yote: leso yenye mji mweusi nimeitandika mapajani. Nyeupe juu ya nyeupe humchosha mtu macho kwa sababu hakuna kinachotofautisha tundu na kitambaa. Ukiweka cheusi chini, kila tundu linajitokeza na kila bandi iliyopinda inaonekana hapo hapo. Leso hiyo pia huzuia vumbi, na ikiwa lazima kusimama, unaikunja na kazi ikiwa ndani.

Baada ya Voi mzee mmoja aliyeketi mkabala nami alishindwa kuvumilia.

"Binti yangu, hiyo unaishona au unaitengeneza iliyochanika?"

"Naishona mzee wangu, tangu mwanzo. Ya nikaha."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Akaomba aione. Nilimpa duara la juu, akalishika kwa ncha za vidole akaniuliza kila alama ya penseli itakuwa nini. Alikuwa na kofia kichwani, ya mashine, na aliniambia kuwa marehemu babake alikuwa na ya Lamu iliyokaa miaka hadi ikarithiwa. Tumefika Nairobi duru za bandi za waridi zimekamilika zote.

Angani sina mengi ya kuandika. Taa ya juu ya kiti ni nzuri kuliko nilivyodhani. Kroshia ndiyo iliyosonga mbele.

Rajabu, Muscat

Nimefika na hali ya hewa ni tamu, jua bila makali. Kila mwanamume njiani ana kumma kichwani, na mimi sioni majengo, naona vichwa tu. Kumma na kofia yetu ni ndugu; nakshi na viua vyake vinaelezwa na watu wa hapa wenyewe kuwa vimevuka bahari pamoja na walioishi Unguja na pwani yetu. Tofauti ya kwanza inayoonekana ni rangi. Yetu ya heshima ni nyeupe au rangi ya maziwa. Hapa nakshi ni ya kahawia, samawati, kijani, zambarau, mara nyingi ikifuatana na rangi ya kilemba, ambacho hapa huitwa massar na hufungwa juu ya kumma siku za shughuli rasmi.

Khalati kanipa chumba chenye dirisha la mashariki. Nashona kuanzia asubuhi baada ya chai hadi Adhuhuri. Waridi moja dogo la ubavuni, pamoja na matundu yake, hunichukua muda kama ule wa Adhuhuri hadi Alasiri mkono ukiwa mwepesi. Nimeweka sharti moja ndani ya nyumba hii ya wakarimu: kahawa na halwa baada ya kazi, si wakati wa kazi. Halwa ya Oman ina samli, na samli kwenye bafta haitoki. Mikono naosha kwa sabuni tu. Mafuta ya kujipaka nayaacha mpaka usiku.

Rajabu, kwa bibi jirani

Leo ndiyo siku iliyonifunza zaidi. Jirani wa khalati ni bibi mzaliwa wa Unguja, aliyehamia hapa na wanawe baada ya 1970, wakati Sultani Qaboos alipowafungulia njia Waomani waliokuwa nje. Kiswahili chake ni cha Mji Mkongwe, kimenyooka. Khalati alikuwa ameshamwambia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Haya, ilete hiyo kofia niione."

Akavaa miwani, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuigeuza. Aliangalia upande wa ndani kwa muda mrefu kabla ya kuutazama wa nje. Kisha akaniambia nishone tundu moja mbele yake. Nikashona. Akachukua sindano yake akashona la pili pembeni ya langu, nami namtazama.

Kwanza aliupitisha uzi kwenye nta, kisha akaupitisha baina ya kidole gumba na cha shahada mpaka ukapata joto na nta ikaingia ndani. Alishona bandi mduara mmoja, akarudi kujaza nafasi zilizobaki, mpaka duru ikawa mstari usiokatika. Shazia aliisukuma kutoka upande wa nje akaizungusha taratibu bila kukata uzi wowote wa kitambaa. Nyuzi zilisogezwa tu. Akaigeuza kofia, akaingiza tena kutoka ndani. Hapo akaanza kuzungushia, sindano ikishuka katikati ya tundu na kutokea nje ya duru, na kila mshono aliuvuta kutoka katikati kwenda nje.

"Usiuvute kuja kwako," akasema. "Uvute ulipotoka, tundu lijifungue lenyewe."

Alipomaliza hakufunga fundo. Alipitisha ncha ya uzi chini ya mishono ya upande wa ndani akaikata. Fundo, alinieleza, huonekana kofia ikishatiwa dondo, kwa sababu kitambaa kinakaza na kila kilicho chini yake kinajitokeza. Matundu yetu mawili yako pale pale yamekaribiana, na langu ni dogo kidogo. Nimeyaacha yote mawili. Yaliyofuata yote nimeyashona kwa mkono wa bibi.

Kwa miaka aliuza kumma kwa kuagizwa, na anasema kazi ya mkono lazima bei ikubaliwe kabla sindano haijaingia. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Kwetu Mombasa fundi hushona kwanza, kisha anakwenda dukani na kofia iliyokamilika, na hapo mwenye duka ndiye anayetaja bei. Mtu aliyekaa miezi juu ya kitambaa hana nguvu ya kubishana siku ile, hasa karibu na Idi.

Rajabu, Ruwi na Mutrah

Uzi mweupe umepungua kabla ya mnyororo wa chini. Tumekwenda Ruwi, kwenye mitaa ya mafundi cherehani na maduka ya vitambaa. Nilibeba karatasi yangu ya namba. Rangi za kila namna zipo, hata zile ambazo kwetu huagizwa, ila B5200 ilikuwa imekwisha. Zilizobaki ni nyeupe zenye umanjano. Ndani ya duka, chini ya taa, tofauti haikuonekana. Nilipotoka na kuuweka uzi kando ya kazi kwenye jua, ukaonekana umechujuka. Ushauri wangu kwa yeyote: uzi mweupe usilinganishe ndani ya duka.

Basi nimekata shauri. Nyeupe mbili zisizofanana, zikikaa pamoja, humwonyesha mtazamaji kwamba uzi ulikwisha. Rangi ya pili iliyochaguliwa humwonyesha mchoro. Nimenunua kahawia hafifu, na mnyororo wote wa chini utakuwa wa rangi hiyo. Nilimtumia kakangu picha kwa Wasapu. Akajibu mradi kanzu ni nyeupe, mnyororo na uje. Nimefurahi. Kofia hii inapita Muscat, na haina ubaya Muscat ikionekana ndani yake.

Kutoka Ruwi tumekwenda soko la Mutrah. Kumma zimerundikwa tabaka juu ya tabaka, na wauzaji niliozungumza nao walinitenganishia bila kuulizwa mara mbili: hizi mashine, hizi mkono. Rial moja ni zaidi ya shilingi 300 za kwetu, na baina ya rundo moja na jingine bei inaruka. Natamani kila duka la kofia Mombasa liweke vijirundo viwili namna hiyo. Mnunuzi akitaka kujua mwenyewe, aigeuze. Ya mashine ina uzi wa pili upande wa ndani, ule wa chini wa cherehani, na matundu yote ni sare bila hata moja kupishana na jingine, mara nyingi yakiwa na manyoya pale kitambaa kilipokatwa. Ya mkono ni uzi mmoja ndani na nje, na ndani utaiona njia ambayo sindano ilipita kutoka waridi moja hadi jingine.

Siku iliyofuata ami alitupeleka Muscat ya zamani, chini ya ngome za Jalali na Mirani. Kuta zile nazijua sura, mimi niliyekulia karibu na Fort Jesus. Mreno ni yuleyule, na waliomtoa ni Waomani walewale: huku mwaka 1650, kwetu mwaka 1698. Nilikaa ukutani mkabala na bahari nikashona pete chache za mnyororo. Upepo ulikuwa mkali, uzi ukawa unajisokota. Baharini mtu ashone na uzi mfupi, usiozidi urefu wa mkono kutoka kidoleni hadi kwenye kiwiko.

Kitambaa cha kroshia kimekamilika. Khalati amekiweka chini ya sinia ya kahawa.

Shaabani, Kibokoni

Nimerudi na vipande vyote viwili vimekwisha viua. Nimeviunganisha hapa nyumbani, duara kwenye ukanda, mshono wa nyuma uliobana, kisha nikageuza na kufunika ukingo kwa utepe wa bafta ileile. Mnyororo wa kahawia umekaa vyema. Mamangu, ambaye hana tabia ya kusifu mapema, alisema tu "imetulia", na kwake hilo ni neno kubwa.

Dondo nimelipika kwa wanga wa muhogo, jepesi, linalotiririka kwenye kijiko. Zito hukaa juu ya kitambaa na kupasuka. Kofia nimeifua kwanza kwa sabuni ya mche kuondoa penseli na jasho la safari, nikaichovya, nikaikamua kwa kuibana ndani ya taulo bila kuisokota. Kiolezo ni sufuria ndogo ambayo mzingo wake kwa nje ni sentimita 57, nimeivisha mfuko wa nailoni ili dondo lisishike. Kofia ikiwa bado mbichi, shazia inarudi kazini: kila tundu hufunguliwa tena, kwa sababu dondo huziba matundu na likikauka humo yanakuwa macho yaliyofumbwa. Hatua hii hairukwi. Ndiyo inayofanya kofia ya viua ipitishe hewa, na ndiyo sababu yake kuvalika kwenye joto la Mombasa. Kisha nimeianika juu ya dari. Kaskazi inavuma, imekauka kabla ya Alasiri.

Nikaha imepita, alhamdulillahi. Kofia ilimkaa kakangu bila kusukumwa wala kuvutwa. Nje ya msikiti wazee wawili walimwomba aivue waione kwa ndani, na mmoja wao, fundi wa zamani, alilitambua lile tundu lisilofanana na jirani yake akauliza mkono wa pili ni wa nani. Picha nimempelekea khalati, naye amemwonyesha bibi. Jibu lake limekuja kwa sauti: dondo limekolea vizuri, na ukanda ungeweza kuwa mrefu kwa nusu sentimita.

Ami wa hapa Mombasa ameagiza yake, na bei tumeikubali leo kabla sijanunua hata kitambaa. Kichwa chake ni sentimita 59, kwa hivyo duara la juu litakuwa 18.8, na ukanda nitaukata 8.5 kama alivyosema bibi. Nyeupe tupu. B5200 naichukua yote kwa mara moja, vishada vya kutosha kofia nzima, na naanza baada ya Idi.